Upepo, Barafu na Mlingoti: Redio ya FM Kileleni mwa Mlima Washington

Mtu aliyekua akiutazama Kilimanjaro hataustaajabia Mlima Washington kwa urefu. Kilele chake, katika jimbo la New Hampshire kaskazini-mashariki mwa Marekani, kiko mita 1,917 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Limuru, penye milingoti inayoirushia Nairobi matangazo, uko juu zaidi ya hapo. Lakini mawimbi ya FM hayajali umepanda mita ngapi kutoka baharini. Yanachojali ni umeizidi kwa kiasi gani nchi inayokuzunguka. Limuru imo katika nyanda za juu pamoja na jirani zake, ilhali Mlima Washington umesimama juu ya misitu na mabonde yaliyo chini yake sana, na siku anga ikitakata aliye kileleni huiona bahari ya Atlantiki upande wa mashariki na vilima vya Kanada upande wa kaskazini. Ndiyo sababu mlima huu, usiofika hata theluthi ya Kilimanjaro, una historia ya redio ambayo milima mingi mirefu haina.

Historia hiyo ilianza kwa upepo. Mwaka 1932 vijana wachache walipanda kileleni na kufungua kituo cha hali ya hewa ndani ya kibanda cha mbao kilichokuwa ofisi ya magari ya farasi yaliyopandisha watalii. Kibanda kilifungwa kwa minyororo iliyopita juu ya paa na kushikiliwa na mwamba pande zote mbili, maana bila hivyo kingepeperuka. Tarehe 12 Aprili 1934 waliokuwa kazini humo, wakiwemo Salvatore Pagliuca, Alexander McKenzie na Wendell Stephenson, walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1996, ilipopitwa na kimbunga Olivia katika kisiwa cha Barrow, Australia, kwa kilomita 408. Kipimaupepo kilichotumika siku ile kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mlima huo hasa: kilipashwa moto kwa umeme kutoka ndani ili barafu isikishike na kukizuia kuzunguka. Wahandisi wa antena waliofuata baadaye walilazimika kulirudia wazo hilo, kila mmoja kwa namna yake.

McKenzie alikuwa mtu wa redio. Miaka hiyo kituo kiliwasiliana kwa mawimbi ya mita tano, yaani masafa ya megahezi 60 hivi, na kituo cha hali ya hewa cha Blue Hill karibu na Boston. Wataalamu wengi wa wakati huo waliyaona mawimbi mafupi namna hiyo kama kitu cha kuchezea. Waliamini yanafika pale tu jicho linapofika, kisha yanapotea. Kutoka Mlima Washington hadi Blue Hill ni kilomita 230 hivi, na mawasiliano yalipita.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, na utapata umbali wa upeo wa redio kwa kilomita. Upeo huo unazidi kidogo ule wa macho kwa sababu hewa huyapinda mawimbi kuelekea ardhini. Kwa mita 1,917 jibu ni kilomita 180. Blue Hill, kilima cha mita 193, kina upeo wake wa kilomita 57. Ukiziunganisha unapata 237. Kilomita saba tu ndizo zilizobaki za ziada. Vijana wale walikuwa wamegusa ukingo wa kile ambacho umbo la dunia linaruhusu, na walifanya hivyo kwa vifaa vya nguvu ndogo sana. Ilibaki apatikane mtu atakayeuona ukingo huo kama fursa.

Mtu huyo alikuwa Edwin Howard Armstrong. Alizaliwa New York mwaka 1890, na kabla hajafika umri wa miaka thelathini alikuwa tayari amevumbua mambo mawili ambayo redio haikuweza tena kuishi bila hayo: mwaka 1912 sakiti inayokuza mawimbi kwa kuyarudisha yalikotoka, na mwaka 1918 kipokezi cha superheterodaini, mfumo ambao redio nyingi mno zimetengenezwa kwa kuufuata tangu wakati ule. Hataza zake zilimtajirisha, na hisa alizopewa na kampuni ya RCA zikamfanya mmoja wa wenye hisa wakubwa wa kampuni hiyo. Alipenda kukwea. Mwaka 1923 alipanda hadi ncha ya mnara wa antena uliokuwa juu ya jengo la Aeolian Hall mjini New York, akapigwa picha akiwa huko juu. David Sarnoff, kiongozi wa RCA na rafiki yake, alikasirika sana. Mwaka huohuo Armstrong alimwoa Marion MacInnis, aliyekuwa katibu wa Sarnoff.

Ugonjwa alioutafutia dawa ulikuwa mikwaruzo. Katika AM, sauti hupandishwa kwenye wimbi kwa kuukuza na kuupunguza ukubwa wake. Radi, mota na swichi za umeme nazo huuchezea ukubwa huohuo, kwa hiyo kipokezi hakina njia ya kujua kipi ni mtangazaji na kipi ni ngurumo. Armstrong aliuacha ukubwa wa wimbi utulie na kuibebesha sauti masafa yenyewe, yawe yanapanda na kushuka. Kipokezi chake kilikata kila kilichozidi ukubwa uliowekwa, na mikwaruzo ikaondoka pamoja na vipande vilivyokatwa.

Wazo la kubadilisha masafa, yaani FM, lilikuwepo kabla yake, na mwaka 1922 mwanahisabati John Carson wa AT&T alikuwa ameonyesha kwamba halina faida katika kupunguza upana wa chaneli. Armstrong alifanya kinyume: akaipanua. Kituo cha AM kinatosheka na kilohezi 10, lakini yeye aliyaacha masafa yayumbe kilohezi 75 kila upande, na kituo kimoja kikahitaji kilohezi 200. Katika bendi ya AM nafasi kama hiyo haikuwepo. Ilipatikana juu, kwenye masafa ya makumi ya megahezi, na masafa hayo hayaufuati mgongo wa dunia wala hayategemei kurudishwa na anga usiku. Yanakwenda moja kwa moja. Hapo ndipo FM ilipofungamana na milima. Usafi wa sauti ulinunuliwa kwa upana wa chaneli, upana ukailazimisha redio ipande masafa, na masafa hayo yakawalazimisha watu wapande vilele.

Hataza za FM zilitolewa tarehe 26 Desemba 1933. Mwaka uliofuata RCA ilimruhusu Armstrong kuweka mitambo yake katika jengo la Empire State, ambalo katikati ya Manhattan lilikuwa mlima wa kutengenezwa kwa mikono. Matangazo yalisikika safi kwenye nyumba ya rafiki yake Westhampton, pwani ya Long Island, zaidi ya kilomita 100 kutoka pale, hata wakati ngurumo zilipozifanya stesheni za AM zisieleweke. Mwaka 1935 RCA ilimwomba aondoe vifaa vyake kupisha majaribio ya televisheni. Nadhani hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika habari hii. Kampuni iliyokuwa na uwezo wa kuiinua FM ilikaa nayo chumba kimoja, ikaisikia kwa masikio yake, kisha ikaifungulia mlango itoke.

Novemba mwaka huo, mbele ya wahandisi wenzake mjini New York, Armstrong alifungua kipokezi kilichokuwa kikipokea kutoka kituo cha mwenzake kilichokuwa nyumbani kwa huyo mwenzake, Yonkers. Waliokuwepo walisikia maji yakimiminwa kwenye glasi, karatasi ikikunjwa na kuchanwa, kinanda kikipigwa. Kilichowashangaza zaidi kilikuwa ukimya uliokuwa kati ya sauti hizo. Hawakuwahi kusikia redio iliyonyamaza huku imewashwa.

Akauza hisa, akanunua kipande cha ardhi juu ya majabali ya Palisades kijijini Alpine, New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson, na kusimamisha mnara wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 120 na mikono mitatu mirefu iliyotanda pande mbili. Ilimgharimu zaidi ya dola 300,000 za mfukoni mwake. Kituo hicho, W2XMN, kilianza majaribio mwaka 1938 na mwaka uliofuata kikawa kinarusha kwa nguvu kubwa kwenye megahezi 42.8. Mtambo wake ni wa kustaajabisha hata leo. Ulianza na wimbi dogo la kilohezi 200 hivi lililotulizwa na kristali, likasogezwa kidogo sana na sauti, kisha masafa yake yakazidishwa mara mbili, tena na tena, hatua kwa hatua, na kila hatua ikaukuza pia ule msogeo mdogo. Mwisho wa mnyororo huo kulikuwa na valvu kubwa zilizopozwa kwa maji.

Mfanyabiashara wa kwanza kuliamini jambo hili kwa fedha zake alikuwa John Shepard III wa Boston, mwenye duka kubwa la familia na mwenye mtandao wa stesheni uliojulikana kama Yankee Network. Mhandisi wake, Paul DeMars, aliisikia FM akamrudia na habari. Shepard alikuwa na sababu ya ziada ya kusikiliza. Stesheni zake ziliunganishwa kwa waya za simu alizokodi, waya hizo zilikuwa ghali, na zilipunguza ubora wa sauti kabla haijafika hewani. Ikiwa kilele kimoja kinaweza kukisikia kingine bila mikwaruzo, basi programu inaweza kuruka kutoka mlima hadi mlima na waya zikaachwa. Mwaka 1939 akafungua kituo kwenye kilima cha Asnebumskit, Paxton, karibu na Worcester. Mwaka huohuo Franklin Doolittle, mwenye stesheni ya WDRC ya Hartford, alifungua cha kwake kwenye vilima vya Meriden, Connecticut. Januari 1940 Armstrong alionyesha programu moja ikipokezanwa hewani na vituo vitano katika majimbo matano, na iliyofika mwisho wa safari haikuwa na alama ya kuchoka.

Kisha Shepard akautazama Mlima Washington. Kileleni kulikuwa na barabara iliyofunguliwa mwaka 1861, yenye kilomita kama 12 za kona na miteremko, na reli ya meno ya mwaka 1869, ya kwanza ya aina yake duniani. Njia zote mbili zilikuwa za majira ya joto. Watu wa Shepard walijenga huko juu nyumba imara ya mitambo ambayo mpaka leo inaitwa Yankee Building, pamoja na mlingoti wake. Desemba 1940 kituo kikaingia hewani kwa jina la majaribio, W1XER. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikuwa imeihalalisha FM kama biashara kuanzia 1 Januari 1941 na kuipa megahezi 42 hadi 50. Majina mapya ya stesheni yakatungwa kwa namba za masafa, na kituo cha mlimani, kilichokuwa kwenye 43.9, kikawa W39B: 39 kwa masafa yake, B kwa Boston. Kutoka pale kiliwafikia watu wa mashamba na vijiji vya Maine, New Hampshire na Vermont ambao, nina hakika, hawakuwahi kusikia muziki wa redio wenye sauti za chini na za juu kwa pamoja.

Lakini mtambo ukiwekwa mahali kama pale hauachiwi ukajiendesha. Hakukuwa na waya wa umeme kutoka bondeni, kwa hiyo umeme ulizalishwa palepale kwa jenereta, na mafuta yake yalipandishwa kabla ya theluji kuziba barabara. Mafundi waliishi juu kwa zamu, wakala, wakalala na kukarabati ndani ya jengo moja na mashine zilizonguruma usiku na mchana. Kifaa kikiharibika Februari, hakuna wa kumtuma mjini.

Adui mkubwa hakuwa upepo peke yake, bali upepo ukishirikiana na ukungu. Kilele hicho hufunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka. Wakati wa baridi matone ya mawingu hayo huwa yamepoa kupita kiwango cha kuganda lakini bado ni maji, na yanapogonga chuma, waya au jiwe huganda papo hapo. Barafu hiyo nyeupe hukua kuelekea upepo unakotoka, tofauti na vile mtu angedhani, hadi bomba la unene wa kidole likawa na unene wa paja. Uzito wake huvunja. Ikianguka vipande vipande kutoka mlingotini hupondaponda kilicho chini. Na hata isipovunja wala kuponda, huiharibu antena kwa namna ambayo asiye fundi hawezi kuiona.

Urefu wa kila fimbo ya antena unakatwa kulingana na wimbi lake. Kwa megahezi 43.9 wimbi lina mita 6.8, na fimbo ya nusu wimbi ina mita 3.4. Barafu ikiifunika, fimbo hujiendesha kana kwamba imerefuka, haikubaliani tena na masafa ya mtambo, na sehemu ya nguvu iliyopandishwa kwa kebo inakataliwa na kurudi ilikotoka. Nguvu hiyo inayorudi hugeuka joto ndani ya kebo na valvu. Fundi huiona kwenye mita, na akichelewa, mtambo hujizima au huungua. Antena nyingi za FM za wakati huo zilikuwa fimbo mbilimbili zilizolazwa na kupishana kama msalaba, zikapangwa ghorofa juu ya ghorofa ili nguvu isipotelee mawinguni bali isambae kuelekea upeo. Kila fimbo ilikuwa mahali pengine pa barafu kushika. Tiba zilizopatikana kwa miaka ni mbili, na zote mbili zingali zinatumika milimani. Moja ni kuipasha antena moto kwa umeme kutoka ndani, kama kile kipimaupepo cha 1934. Nyingine ni kuifunika kwa ala ya faibaglasi, ambayo mawimbi huipita, ili barafu ikae mbali na chuma chenyewe.

Mlima huo haukukishinda kituo. Pigo lilitoka mjini, kwa kalamu. Shepard aliuza mtandao wake kwa kampuni ya matairi ya General Tire katika miaka ya vita, na mwaka 1945 FCC ikaamua FM ihame kutoka megahezi 42–50 kwenda kwenye bendi mpya iliyokuja kuwa 88 hadi 108. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba katika miaka ya madoa mengi ya jua tabaka za anga ya juu zingeyarudisha mawimbi ya bendi ya zamani kutoka mbali na kuvuruga vituo. Armstrong alipinga kwa nguvu zake zote. Kwa uamuzi huo redio za FM zilizokuwa majumbani, mamia ya maelfu, zikawa masanduku ya kupamba sebule. Mitambo ikawa ya kubadilishwa, na antena pia, kwa sababu wimbi jipya lilikuwa nusu ya lile la zamani au pungufu. Juu ya hayo, kanuni mpya ziliminya nguvu za vituo vya Kaskazini-Mashariki, ambako milima ilikuwa imeonyesha uwezo wake wote. Kila mara ninaposoma habari za uamuzi huu naona ulivyolenga, kwa makusudi au bila makusudi, kile hasa kilichoifanya FM kuwa kubwa, yaani kufika mbali kutoka juu.

Kituo cha mlimani, ambacho sasa kiliitwa WMNE, kilifungwa mwaka 1948. Jengo likabaki. Kilele kikarudi kwa wapimaji wa hali ya hewa, na kwa majaribio ya kijeshi ya injini za ndege za jeti, ambazo zililetwa hapo kwa sababu barafu yake ilikuwa mbaya kuliko maabara yoyote.

Mwaka huohuo, 1948, Armstrong aliishtaki RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila malipo. Moyo wa kesi ulikuwa televisheni: katika mfumo wa Marekani picha ilirushwa kwa mabadiliko ya ukubwa wa wimbi, lakini sauti yake ilikuwa FM, na RCA ilikuwa ikiuza televisheni nyingi mno. Kesi ilivutwa miaka hadi fedha, afya na ndoa yake vikachakaa. Usiku wa kuamkia 1 Februari 1954 alimwandikia mkewe barua, akavaa koti, kofia na glavu, akajirusha kutoka dirisha la nyumba yake ghorofa ya 13. Alikuwa na miaka 63. Kituo chake cha Alpine kilizimwa wiki chache baadaye. Kabla mwaka haujaisha RCA ilimlipa mjane wake karibu dola milioni moja ili kuimaliza kesi. Marion aliendelea na kampuni nyingine, moja baada ya moja, mpaka ya mwisho, Motorola, iliposhindwa mwaka 1967. Alishinda zote. Historia humtaja sana mumewe, na ni haki, lakini miaka kumi na mitatu ya uvumilivu wa mama huyu ndiyo iliyoyathibitisha mahakamani yale aliyoyavumbua mume.

Septemba ya 1954, miezi saba na ushei baada ya kifo hicho, mitambo iliwashwa tena kileleni mwa Mlima Washington. Safari hii ilikuwa televisheni, WMTW, chaneli ya 8, ambayo studio zake zilikuwa Poland Spring, Maine. Sauti yake, kama ya televisheni zote za Marekani wakati huo, ilikuwa FM. Mwaka 1958 kampuni hiyo ikaongeza redio ya FM yenyewe kwenye megahezi 94.9, na miaka kumi ya ukimya wa FM kileleni ikaisha. Kampuni ilijenga jengo la mitambo na la jenereta, na jenereta hizo ndizo zilizowapa umeme pia jirani zao wa kituo cha hali ya hewa. Kwa karibu nusu karne wapima upepo waliwashiwa taa na watu wa televisheni.

Mafundi walipishana kila wiki, wakipandishwa wakati wa baridi kwa magari ya minyororo yanayotembea juu ya theluji. Mmoja wao, Marty Engstrom, aliajiriwa mwaka 1964 kutunza mitambo, lakini kampuni ilitaka pia mtu wa kusoma hali ya hewa kutoka kileleni, na kazi hiyo ikamwangukia. Hakuwa mtangazaji. Alisoma namba zake kwa lafudhi ya nyumbani Maine, akamaliza kwa tabasamu pana la ghafla, na watu wakampenda kwa hilo kwa miaka 38. Ninampenda nami kwa sababu alikuwa sura ya watu ambao kazi yao ni kutoonekana. Msikilizaji anamjua mtangazaji kwa jina. Aliyekesha na mita ya nguvu inayorudi, msikilizaji hajui hata kama yupo.

Katika miaka hiyo antena zenyewe zilibadilika umbo. Za mwanzo zilirusha wimbi lililolala, na antena za juu ya mapaa, nazo zikiwa zimelazwa, zililipokea vizuri. Redio zilipoingia kwenye magari, kila gari likiwa na fimbo moja iliyosimama wima, wimbi lililolala likawa halipokelewi sawasawa. Kuanzia miaka ya 1960 vituo vikaongeza wimbi lililosimama, na hatimaye wengi wakahamia kwenye antena za pete na fimbo zilizopindwa ambazo wimbi lake huzunguka linaposafiri, hivi kwamba fimbo ya gari hulipata vyovyote iwavyo. Kwa megahezi 94.9 kila wimbi lina mita 3.16. Vipande vya antena vimekuwa vifupi kuliko vya enzi ya Shepard, na barafu ileile inaathiri zaidi chuma kidogo kuliko kikubwa. Bendi mpya, kwa hiyo, iliwaongezea kazi mafundi wa mlimani.

Televisheni ilishuka mlimani mwaka 2002 na kuhamia mnara mpya huko Baldwin, Maine, na Engstrom akastaafu mwaka huo. FM ikabaki: ile ya 94.9, ambayo sasa inaitwa WHOM, na nyingine ya 103.7, WPKQ. Tarehe 9 Februari 2003 moto uliteketeza jengo la mitambo pamoja na jenereta. Katika mwezi ule hakuna gari la zimamoto linaloweza kupanda barabara ile. Jengo liliwaka mpaka likaisha, stesheni zote mbili zikatoka hewani, na kilele kizima kikakosa umeme katikati ya majira ya baridi, wapima hali ya hewa wakiwa humo. Kuanzia hapo mambo yalilazimika kujengwa upya. Hatimaye ilipandishwa kebo ya umeme kutoka bondeni, jambo ambalo mlima huo haukuwa nalo tangu W1XER.

WHOM leo hutumia nguvu ya karibu kilowati 48 kutoka antena iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya wastani wa nchi inayoizunguka, na husikika katika majimbo matano na ndani ya Quebec. Jengo la Yankee lingalipo, limejaa vifaa vya mawasiliano ya aina nyingine. Mafundi wa redio hawalali tena huko juu. Mtambo hutazamwa kutoka mbali, na namba zinazotazamwa ni zilezile za mwaka 1940: nguvu inayopanda kwenye antena, na nguvu inayorudi. Ya pili ikianza kupanda usiku wa Januari, fundi huangalia kwanza kama vipasha moto vinafanya kazi. Visipofanya, huulizia nafasi kwenye gari la theluji la asubuhi.